Farasi Sita wa Vita Penye Kaburi la Mfalme

Katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, Marekani, limo bamba la jiwe lenye kimo cha mita 1.7 hivi na upana wa mita 2. Juu yake amechongwa farasi anayekwenda mwendo wa pole hali amechomwa mishale tisa mwilini. Sita imempiga kwa mbele, mitatu imempiga kwa nyuma. Mtazamaji asiyejua vita hupita akidhani kwamba fundi aliichonga mishale ile ili kulipamba jiwe lake. Lakini askari aliyewahi kuandika taarifa ya mapambano hatapita upesi hivyo, kwa maana anajua kwamba hesabu iliyo kamili namna hiyo hutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Farasi huyo aliitwa Quanmaogua. Alipandwa vitani mwaka 622, yaani mwaka ule ule ambao Mtume Muhammad alihama kutoka Makka kwenda Madina. Aliyempanda alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lake Li Shimin, ambaye baadaye aliitawala China kwa jina la Mfalme Taizong. Quanmaogua hakuwa peke yake. Alikuwa mmoja wa farasi sita waliochongwa kwa amri moja ili wasimame pamoja penye kaburi moja. Leo wanne kati yao wamo katika jumba la makumbusho la Beilin, mjini Xi'an, nchini China, na wawili wako Philadelphia. Kikosi kimegawanyika na bahari iko katikati. Habari ya jinsi kilivyogawanyika inawahusu wanajeshi na polisi kuliko watu wengine, kwa kuwa katika kila sura yake yumo mtu mwenye silaha au mwenye madaraka.

MNYAMA KABURINI

Desturi ya kumzika mkubwa pamoja na wanyama ni ya kale, nayo haikuwa ya Wachina peke yao. Misri walichonga mbweha mweusi wa mti, wakamweka alinde hazina katika kaburi la Tutankhamun, ambalo lilifunguliwa mwaka 1922. Lakini kwa habari ya farasi hasa, ni taabu kupata nchi iliyoipita China. Hapo mwanzo walizikwa farasi wenyewe. Katika eneo la Linzi, mkoani Shandong, wachimbaji wamefukua mifupa ya farasi zaidi ya mia mbili waliolazwa safu kwa safu kando ya kaburi la mtawala mmoja wa dola ya Qi, aliyekufa yapata miaka 2,500 iliyopita. Afisa yeyote wa ugavi akisoma hesabu hiyo atatikisa kichwa. Farasi mia mbili walikuwa nguvu kubwa ya kijeshi, nao wakafukiwa ardhini kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hangeweza tena kuwapanda.

Hatimaye sanamu zikachukua mahali pa wanyama. Mfalme wa kwanza wa China, aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo, alizungukwa kaburini na jeshi la udongo lenye askari, magari na farasi, ambalo liligunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974. Jemadari Huo Qubing, aliyekufa mwaka 117 kabla ya Kristo akiwa bado kijana, aliwekewa kaburini wanyama wa mawe, na mashuhuri kati yao ni farasi aliyesimama juu ya adui aliyeanguka. Kisha yuko yule farasi mdogo wa shaba nyeusi, mwenye kimo kisichotimia sentimita 35, ambaye anapaa mbio huku ukwato wake mmoja umemkanyaga ndege. Huyo alionekana mwaka 1969 mjini Wuwei, mkoani Gansu, wakati wanakijiji walipokuwa wakichimba handaki la kujikinga na mabomu. Watu walijiandaa kwa vita vijavyo, wakakuta vita vilivyopita.

Hata hivyo, farasi hao wote, ijapokuwa wamechongwa kwa ustadi mkubwa, ni farasi tu. Hatujui jina la hata mmoja wao. Farasi sita wa Taizong wana majina, rangi zao zinajulikana, na kila mmoja ana vita vyake. Hapo ndipo ilipo thamani yao iliyo kubwa kuliko jiwe na kuliko ufundi.

VITA VYA LI SHIMIN

Mwaka 618 dola ya Sui ilivunjika, na Li Yuan, baba yake Li Shimin, akajitangaza kuwa mfalme na kuanzisha nasaba ya Tang. Kujitangaza ni jambo jepesi. Kila upande wa nchi palikuwa na mtu mwenye jeshi lake aliyejiona anastahili kiti kile kile. Kazi ya kuwashinda mmoja baada ya mmoja ilimwangukia Li Shimin, mtoto wa pili, naye akaifanya kwa muda usiofika miaka mitano. Farasi sita ni kumbukumbu ya miaka hiyo.

Wa kwanza kwa tarehe ni Baitiwu, farasi mweusi mwenye kwato nyeupe zote nne, aliyepandwa mwaka 618 katika vita dhidi ya Xue Rengao. Katika vita hivyo Li Shimin alikaa ndani ya ngome yake zaidi ya siku sitini bila kutoka, ingawa makamanda wake walimwomba kila mara awaruhusu wapigane. Alingoja chakula cha adui kiishe. Kilipokwisha, alishambulia, na adui alipovunjika hakumpa nafasi ya kupumua. Alimfukuza na wapanda farasi wapatao elfu mbili hadi mji aliojifungia, akamlazimisha kusalimu amri. Baitiwu amechongwa akiwa mbioni, miguu yote imenyooshwa, na mwilini hana mshale hata mmoja. Anayefukuza hapigwi sana.

Wa pili ni Teqinpiao, mwenye rangi ya manjano iliyochanganyika na nyeupe na mdomo mweusi kidogo. Huyu alipandwa dhidi ya Song Jingang mnamo mwaka 619 na 620. Waandishi wa historia wa China wamehifadhi habari za msafara huo ambazo nadhani kila askari wa miguu atazielewa pasipo kufafanuliwa. Jeshi lilimwandama adui aliyekuwa akirudi nyuma, likaenda usiku na mchana masafa yanayokaribia kilomita mia moja, likapigana mara nyingi njiani. Jemadari alikaa siku mbili bila kula na siku tatu bila kuvua deraya. Katika kambi nzima alibaki kondoo mmoja, na Li Shimin akamla pamoja na askari wake kwa kugawana. Teqinpiao naye hana mshale, lakini mwendo wake katika jiwe ni wa mnyama aliyetoka mbali.

Mwaka 621 ulikuwa mwaka mkubwa. Li Shimin alikuwa ameuzingira mji wa Luoyang, ambamo Wang Shichong alijitangaza mfalme, na mji ulikuwa karibu kuanguka kwa njaa. Ndipo Dou Jiande, mtawala wa nchi za mashariki, akaja na jeshi ambalo vitabu vinasema lilizidi watu laki moja, ili kuuokoa. Washauri wengi walitaka kuondoka. Li Shimin aliliacha jeshi kubwa likiendelea kuuzingira mji, akachukua watu wake wateule 3,500 tu, akaenda kulishika genge la Hulao, mahali ambapo njia ni nyembamba na wingi wa watu haumfaidii mwenye wingi. Siku ya mapambano, Dou alilipanga jeshi lake tangu asubuhi. Li Shimin hakutoka. Ilipofika adhuhuri, askari wa Dou walikuwa wamechoka, wana njaa, wengine wameketi chini, wengine wanagombea maji. Wakati huo ndipo lango lilipofunguliwa. Dou mwenyewe alitekwa, na Wang Shichong, alipoonyeshwa mateka huyo chini ya kuta za mji, akasalimu amri.

Kutokana na vita vya mwaka huo tunao farasi watatu. Qingzhui, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na nyeupe, ana mishale mitano, yote ya mbele, maana alipelekwa moja kwa moja katikati ya safu za Dou Jiande. Shifachi, mwekundu mtupu, ana mitano pia, na mmoja kati ya hiyo ulimpiga kwa nyuma. Wa tatu ni Saluzi, ambaye nitamweleza peke yake.

Wa mwisho ni yule Quanmaogua wa mishale tisa, aliyepandwa mwaka 622 dhidi ya Liu Heita. Huko Li Shimin aliziba mto upande wa juu, na vita vilipopamba moto, akaamuru boma la maji livunjwe. Maelfu walikufa maji. Ushindi ulipatikana, lakini hesabu ya mishale katika mwili wa farasi yule inatuambia jinsi ulivyokuwa karibu kukosekana.

AFISA ALIYESHUKA FARASI WAKE

Katika mabamba yote sita, moja tu lina sura ya binadamu, nalo ni la Saluzi. Anaonekana afisa mwenye ndevu, amevaa joho la vita, upanga ubavuni na podo la mishale kiunoni, amesimama uso kwa uso na farasi. Mkono wake umeshika mshale uliozama kifuani mwa mnyama, naye anauvuta. Farasi amesimama tuli, kichwa chake kimeinamia bega la mtu huyo.

Afisa huyo ni Qiu Xinggong. Kisa chake ni hiki. Karibu na Luoyang, Li Shimin alichukua wapanda farasi wachache akaingia kati ya adui ili ajipimie nguvu zao mwenyewe. (Kamanda afanyaye hivyo leo angeitwa mbele ya wakubwa zake ajieleze, na ingekuwa haki.) Katika msukosuko alitengwa na watu wake, akabaki na Qiu peke yake. Mshale ukampiga Saluzi kifuani. Qiu aligeuza farasi wake, akawatupia mishale waliokuwa wakiwafuata mpaka wakasita, kisha akashuka, akampa mkuu wake farasi wake mwenyewe aliye mzima, akauchomoa mshale kutoka kifua cha Saluzi. Baada ya hapo alitangulia kwa miguu, upanga mrefu mkononi, akikata njia kati ya adui mpaka wakalifikia jeshi lao.

Mambo ya namna hiyo hutendeka katika vita vingi, na mengi husahauliwa pamoja na waliyoyatenda. Hili halikusahauliwa kwa sababu yule aliyeokolewa aliamuru lichongwe. Qiu alikufa mwaka 665, akazikwa katika eneo la kaburi la mfalme, kama walivyozikwa maafisa na jamaa zaidi ya mia moja na themanini waliopewa heshima hiyo.

MFALME HAYUPO

Kazi ya kaburi ilianza mwaka 636, alipofariki Malkia Zhangsun, mke wa Taizong. Mfalme alichagua mlima wa Jiuzong, kaskazini-magharibi ya Xi'an, akaagiza kaburi lichimbwe ndani ya mlima wenyewe badala ya kurundika kilima cha udongo. Alisema hadharani kwamba dhahabu na vito havitawekwa humo, ili wezi wasipate sababu ya kuja. Farasi sita wakasimamishwa penye lango la kaskazini, watatu upande wa mashariki na watatu upande wa magharibi. Inasemekana michoro yao ilitoka katika mkono wa Yan Liben, mchoraji mashuhuri wa zama hizo, na mfalme mwenyewe alimtungia kila farasi beti za sifa.

Wajuzi wa sanaa huonyesha mambo mengi katika mabamba hayo. Singa za shingoni zimepunguzwa na kufungwa mafungu matatu, mikia imefungwa fundo, matandiko na vikuku vya kupandia vimechongwa kama vilivyokuwa. Mtindo huo wa singa na baadhi ya majina ya farasi hawa vinawaelekeza wataalamu kwa Waturuki wa nyika za Asia. Neno Teqin, mathalani, ni cheo cha mwana wa mfalme kwa Kituruki. Kwa hiyo mawe haya, ambayo Wachina wanayahesabu kuwa miongoni mwa fahari zao kubwa, yanashuhudia pia kwamba jeshi la Tang lilijifunza kwa jirani zake, na pengine lilipata farasi kwao.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote ni lile lisilochongwa. Mfalme hayupo. Matandiko yote ni matupu. Mtu aliyeamuru mafundi wa dola nzima angeweza kujichonga juu ya kila farasi, panga zikimeta na maadui wakigaagaa chini, kama walivyofanya wafalme wengi wa mataifa mengine. Badala yake aliweka wanyama waliombeba na afisa mmoja aliyemwokoa.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Mwaka 626 mfalme huyu huyu alimvizia kaka yake, mrithi halali, pamoja na mdogo wake, katika lango la Xuanwu la mji mkuu, akawaua wote wawili, na baba yake akalazimika kumwachia kiti. Mtu aliyepata enzi kwa njia hiyo alikuwa na sababu ya kutaka watu wakumbuke vita vya 618 hadi 622 kuliko asubuhi ile ya langoni. Farasi ni shukrani, na farasi ni hoja ya kisiasa. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika jiwe moja.

Watu wa baadaye waliwapenda kwa namna yao. Mwaka 756, waasi wa An Lushan walipolishinda jeshi la serikali penye ngome ya Tong, ilivuma hadithi kwamba katikati ya vita lilitokea jeshi lisilojulikana lenye bendera za manjano, likapigana na waasi kisha likatoweka. Walinzi wa kaburi wakatoa habari kwamba siku hiyo hiyo watu na farasi wa mawe walikuwa wametokwa na jasho.

WALINZI NA WEZI

Onyo la mfalme kwamba hakuna dhahabu kaburini halikusaidia. Baada ya nasaba ya Tang kuanguka mwaka 907, kaburi lilivunjwa, pamoja na makaburi mengine ya wafalme wa nasaba hiyo. Aliyelivunja hakuwa jambazi wa porini. Alikuwa Wen Tao, gavana wa kijeshi aliyekabidhiwa eneo lile, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulilinda. Farasi hawakuguswa kwa kuwa ni wazito na wakati ule hapakuwa na mnunuzi wa vitu kama hivyo.

Mtu wa kuwatendea wema alikuja mwaka 1089. Huyo ni You Shixiong, ofisa wa nasaba ya Song. Aliona kwamba mlima ni mrefu na watu wachache wanaupanda, akaagiza mifano ya farasi hao iwekwe katika hekalu la Taizong lililokuwa bondeni, na pia akasimamisha bamba la jiwe lenye picha ndogo za wote sita. Chini ya kila picha liliandikwa jina la farasi, rangi yake, upande aliosimama, vita alivyopandwa, na idadi ya mishale: mingapi mbele, mingapi nyuma. Bamba hilo lipo hadi leo. Kila nililolieleza hapo juu kuhusu rangi na mishale limetoka humo. Polisi aliyewahi kupokea mashtaka ya wizi wa ng'ombe atatambua mara moja kazi aliyoifanya ofisa huyo. Aliandika alama za mali kabla mali haijaibwa.

Iliibwa baada ya miaka zaidi ya mia nane. Ufalme wa China ulianguka mwaka 1912, serikali ya jamhuri ilikuwa dhaifu, kila jimbo lilikuwa na mkubwa wake wa kijeshi, na huku nje majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakishindana kununua vitu vya kale vya Asia. Saluzi na Quanmaogua waling'olewa mlimani katika miaka hiyo. Wasimulizi hawapatani juu ya nani alitoa amri. Barua moja ya mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Paris inasimulia kwamba wanakijiji waliwashambulia wachukuzi njiani, na mawe yakaporomoshwa gengeni. Lililo wazi ni kwamba mabamba yalifika Marekani yakiwa yamepasuka vipande vipande. Mchuuzi mashuhuri C. T. Loo ndiye aliyeyauza. Jumba la makumbusho la Philadelphia liliyaonyesha tangu mwaka 1918, kisha likayanunua kwa dola 125,000, fedha iliyotolewa na Eldridge Johnson, tajiri wa kampuni ya santuri ya Victor.

Wanne waliobaki nao walivunjwa kwa makusudi ili wabebeke, wakapakiwa. Hawakufika mbali. Habari ilivuja, mizigo ikakamatwa karibu na Xi'an, ikarudishwa mjini. Nyufa zilizounganishwa zinaonekana mpaka leo katika kila bamba, na mgeni asiyeelezwa hudhani ni uzee wa jiwe.

SHERIA NA ASKARI

Wakati mawe yale yanang'olewa, sheria ya mataifa ilikuwa imegusa jambo hili kwa maneno machache. Sasa sivyo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954, uliozaliwa na maangamizi ya Vita Kuu ya Pili, unalitaka kila jeshi la nchi iliyoutia sahihi lizuie wizi na uporaji wa mali ya utamaduni, na linapokuwa katika amani liwe na watu waliofundishwa kazi hiyo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ukafuata, unaohusu kusafirisha na kununua mali ya namna hiyo kwa magendo. Na asidhani mtu kwamba makaburi yako nje ya mambo hayo. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka tisa kwa kuongoza ubomoaji wa makaburi ya watu watakatifu mjini Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012.

Kwa upande wa polisi, ugumu mkubwa katika kesi hizi ni kuthibitisha kwamba kitu hiki ndicho kile. Hapo Afrika Mashariki ina mfano wake. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimamishia wazee wao waheshimiwa wa chama cha Gohu miti iliyochongwa iitwayo vigango. Kigango hakiondolewi mahali pake, hata kikioza. Mwaka 1985 viwili viliibwa katika boma moja, vikauzwa, vikaingia katika majumba mawili ya makumbusho nchini Marekani. Viliweza kutambuliwa kwa sababu moja tu. Kabla havijaibwa, mtafiti alikuwa amempiga picha mwenyewe akiwa amesimama kando yake, na miaka kadhaa baadaye mtafiti huyo akakiona kimoja katika picha za jumba la makumbusho. Vilirudishwa kwa jamaa mwaka 2007. Vingine vingi havikuwa na picha. Askari wa kituo cha mashambani hana jumba la makumbusho, lakini ana kalamu na daftari, na siku hizi ana simu yenye kamera. Mzee akimwonyesha mahali pa makaburi ya ukoo, vipimo, alama na picha moja huchukua muda mfupi kuliko chai.

WALIPO SASA

Wachina hawajaacha kuwaulizia wawili walioko ng'ambo. Philadelphia nayo hujibu kwamba iliwanunua waziwazi kwa fedha. Mimi naona kwamba risiti ya mnunuzi haimsafishi muuzaji, na aliyeuza hakuwa mwenye mali. Lakini wakati swali hilo linangoja, kazi nyingine imefanyika kwa upole. Mwaka 2010 mafundi wa kuhifadhi vitu vya kale kutoka China walikwenda Philadelphia wakafanya kazi juu ya Saluzi na Quanmaogua, wakiondoa maungio ya zamani na kuviunganisha vipande upya.

Mjini Xi'an yamesimamishwa mabamba sita. Manne ni yenyewe. Mawili ni nakala, na maandishi yaliyo kando yanaeleza waliko wenyewe.

Na huko mlimani, miaka ya 2002 na 2003, wataalamu wa mambo ya kale walichimba penye lango la kaskazini, mahali ambapo farasi walisimama kwa miaka zaidi ya elfu moja. Walikuta misingi ya nyumba zilizowahifadhi na mawe yaliyobeba mabamba yao. Katika udongo walikuta pia vipande vya farasi wenyewe, vilivyovunjika na kuachwa nyuma siku walipong'olewa, ambavyo watu waliokuwa na haraka hawakuona sababu ya kuviokota.